Kerneli inaposoma faili vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni kikundi kidogo cha Lubumbashi. Kila Jumamosi tunakutana Kamalondo, tunafungua kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, tunaisoma mstari kwa mstari, na kuandika upya sehemu tunazotaka kuzielewa. Tulipofika kwenye sehemu inayosoma mafaili, tuliiandika upya na tukaingiza kosa lililokaa wiki tatu bila mtu kuliona. Tangu tulitengeneze, watu wanatuuliza maswali yale yale: wanafunzi, mafundi wa kompyuta, hata wenye studio za picha ambao haja yao ni video ya arusi ifunguke tu. Majibu tunayaweka hapa ili kila mtu ayapate.

Ni kerneli gani hiyo, na kwa nini hamkuanzia Linux?

Ni xv6. Ilianzishwa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia, ikifuata mfumo wa Unix toleo la 6 la Dennis Ritchie na Ken Thompson. Tunayotumia ni ile ya prosesa za RISC-V. Inaendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nyingine, kwa hiyo laptopu ya zamani inatosha. Linux ina mamilioni ya mistari. Xv6 tumeichapisha yote kwenye karatasi, na umeme ukikatika tunaendelea kusoma kwa mwanga wa dirisha. Kazi ya kutoa data ya faili kwenye diski iko katika funksheni moja, `readi`, yenye mistari kama 30 hivi.

Kosa lenyewe lilikuwa wapi?

Diski ya xv6 imegawanywa katika bloku za baiti 1024. Programu ikiomba baiti, `readi` inatafuta bloku inayohusika, inaileta kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhia kwa muda) ya kerneli, inanakili kinachotakiwa, kisha inahamia bloku inayofuata. Penye ugumu ni mahali pamoja tu: katika bloku hii nichukue baiti ngapi? Msimbo wa asili unajibu hivi:

`m = min(n - tot, BSIZE - off % BSIZE);`

Yaani tazama kilichobaki katika ombi (`n - tot`), tazama kilichobaki katika bloku (`BSIZE` ni ukubwa wake) kuanzia hapo uliposimama (`off`), uchukue kilicho kidogo. Sisi tuliandika:

`m = min(n - tot, BSIZE);`

Tulisahau kwamba msomaji huenda hayuko mwanzoni mwa bloku. Tuseme programu imeomba baiti 700, halafu 700 nyingine. Mara ya pili amesimama kwenye baiti ya 700, na mbele yake zimebaki 324 tu kabla bloku haijaisha. Msimbo sahihi huchukua hizo 324, hufungua bloku inayofuata, humalizia 376. Wetu ulichota 700 zote mahali pamoja, na 376 kati yake zilitoka nje ya bloku.

Mfikirie mama anayepima unga wa bukari kwa kopo sokoni. Mfuko ukikaribia kuisha anachota kilichobaki, anafungua mwingine, anajazia kopo. Msimbo wetu haukutazama mfuko umebaki na nini. Ulipoisha, mkono uliendelea kuchota kwenye chochote kilichokuwa kando yake.

Kama kosa ni kubwa hivyo, mbona `cat` ilionyesha mafaili yote sawasawa?

Hapa ndipo tulipojifunza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

`cat` ya xv6 husoma baiti 512 kwa mkupuo. 512 inaingia mara 2 kamili ndani ya 1024, kwa hiyo haiwezi kuvuka mpaka wa bloku hata siku moja. `wc`, inayohesabu maneno, nayo husoma 512. `ls`, inayoorodhesha mafaili, husoma saraka (orodha ya mafaili) kwa vipande vya baiti 16, na 16 inaingia mara 64 kamili. Kerneli yenyewe, inapopakia programu ili iendeshwe, husoma kurasa za baiti 4096 kuanzia mahali palipopangwa sawa na mipaka. Kila aliyepita kwenye daraja letu bovu alikuwa na hatua inayolingana na mbao zake. Mfumo uliwaka, programu ziliendeshwa, saraka zilionekana, nasi tukasema kazi imekwisha.

Dada mmoja wa Katuba ndiye aliyeligundua. Alikuwa anatafuta maelezo ya kuwasha mfumo, akaandika `grep qemu README`, yaani tafuta neno qemu ndani ya faili la README. Hakuna kilichotoka. Akaandika `cat README`, na neno lilikuwepo pale chini, wazi kabisa. Alituita wote tukaja kusimama nyuma ya kiti chake. Wa kwanza kusema alisema `grep` ndiyo mbovu. Mimi pia nilisema hivyo. Yeye akajibu kwamba `grep` hatujaigusa, tulichogusa ni `readi`, basi tuanzie tulipogusa. Alikuwa na haki.

Kwa nini `grep` ilinyamaza? Si ingetoa herufi za ajabu?

Kwa sababu ya nambari mbili zilizokutana. `grep` ya xv6 ina bafa ya baiti 1024 lakini huacha moja ya kufungia maandishi, kwa hiyo husoma 1023 kwanza. Usomaji wa pili unaanzia kwenye baiti ya mwisho kabisa ya bloku ya kwanza. Msimbo wetu ukatoa baiti moja sahihi, na zilizofuata zote zikatoka nje.

Nje kuna nini? Katika xv6 bafa za diski zimepangwa safu moja, 30 kwa idadi, na kila moja ina kichwa chake kabla ya data: imeshajazwa au bado, ni ya diski gani, bloku namba ngapi, kufuli, vielekezi vya kwenda kwa jirani. Kwenye mashine ya biti 64 kichwa hicho ni baiti 88. Ukivuka mwisho wa data yako unaangukia kichwa cha bafa inayofuata, na humo zimejaa baiti sifuri. Katika lugha ya C, sifuri ndiyo alama ya mwisho wa maandishi. `grep` ikaiona, ikaamini maandishi yamekwisha, ikakosa alama ya mwisho wa mstari, bafa yake ikajaa, ikaomba baiti 0, ikapewa 0, ikatoka. Hakuna ujumbe wa kosa. Maneno yote ya baada ya baiti 1023 za mwanzo yakawa kama hayapo.

Kerneli pia haikuanguka, maana sehemu hiyo yote ya kumbukumbu ni yake na ina ruhusa ya kuisoma. Hakuna ukuta kati ya bafa na bafa.

Kwa hiyo programu ingeweza kupata data ya faili la mtu mwingine?

Ndiyo, na hapo ndipo kosa linapokuwa zito. Ukipita zile baiti 88 za kichwa unaingia kwenye data ya bloku jirani, ambayo inaweza kuwa ya faili lolote lililosomwa karibuni. Katika mfano wetu wa 700 na 700, baiti 376 zilizovuka ni 88 za kichwa na 288 za bloku ya jirani. Kwenye mfumo wenye watumiaji wengi hiyo ni siri inayovuja, na vielekezi vya kerneli vinavuja pamoja nayo. Mtu akiwaambia kwamba kosa la kusoma haliwezi kudhuru kwa sababu haliandiki kitu, msikubali.

Dawa ni nini?

Rudisha `- off % BSIZE`. Mstari mmoja. Kisha fungua `writei`, kwa sababu ina hesabu ile ile, na ukikosea huko hutasoma tu bafa ya jirani, utaandika juu yake. Tulitazama, `writei` hatukuwa tumeigusa, ilikuwa salama.

Mnapimaje kuhakikisha kosa halipo tena?

Tuliandika programu ndogo. Inatengeneza faili, na baiti iliyo mahali `i` inapewa thamani ya `i` ikigawanywa kwa 251, tukichukua baki. Halafu inalisoma faili lote kwa mkupuo wa baiti 1, tena lote kwa mkupuo wa 2, wa 3, hadi 1500, na kila baiti inalinganishwa na ile inayotarajiwa.

Watu wanauliza sana kwa nini 251. Kwa sababu ni namba tasa. Mwanzoni tulitumia 256, na hilo lilikuwa kosa jingine: 256 inaingia mara 4 katika 1024, kwa hiyo kila bloku inafanana na mwenzake baiti kwa baiti. Kerneli ikikupa bloku ya 3 badala ya ya 2, mtihani unasema sawa. Kwa 251 kila bloku inaanza na thamani tofauti, na bloku ikihamishwa inaonekana papo hapo. Mtihani usioweza kushindwa haukuambii lolote, hata ukipita mara elfu.

Niseme na hili: xv6 inakuja na `usertests`, mkusanyiko wa majaribio, na ndani yake mna jaribio la `bigfile` linaloandika kwa mkupuo wa 600 na kusoma kwa 300. Namba hizo hazigawi 1024, na aliyezichagua alijua anachofanya. Jaribio hilo lingeweza kutuonyesha kosa siku ya kwanza. Hatukuliendesha, tuliona linachukua muda mrefu. Sasa hakuna badiliko linaloingia kabla ya `usertests` kumaliza.

Niliomba baiti 4000, `read` ikanipa 1200. Je, ni kosa la kerneli?

Mara nyingi hapana. Ahadi ya `read` ni hii: nitakupa hadi idadi uliyoomba, nitakuambia nimekupa ngapi, nikirudisha 0 faili limekwisha, nikirudisha -1 kuna tatizo. Kupewa pungufu kunaruhusiwa, hasa kwenye bomba (njia ya kupitishia data kati ya programu), soketi (njia ya mtandao) na terminali. Linux yenyewe haitoi zaidi ya baiti 2,147,479,552 kwa ombi moja, hata faili liwe kubwa kiasi gani. Programu yako izunguke hadi ipate 0. Ikiwa umesahau kuzunguka, kosa ni lako, na afadhali ulijue kabla hujailaumu kerneli mbele za watu.

Kwenye Linux faili langu halifunguki. Nitajuaje kama ni diski, flash, au kerneli?

Anza kwa kudhani si kerneli. Kijana wa studio alituletea flash yenye video ya arusi iliyokuwa ikicheza nusu na kuganda. Tulifanya hivi.

Kwanza `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukiona makosa ya kusoma diski yamejipanga pale, kifaa kinakufa. Acha kila kitu, nakili kinachonakilika.

Pili, `sha256sum` ya faili, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zake zote, uandike jibu. Kisha ukiwa na ruhusa za mkuu wa mfumo andika 1 ndani ya `/proc/sys/vm/drop_caches`, ili Linux itupe kurasa ilizohifadhi kwenye kumbukumbu, na upige `sha256sum` tena. Bila hatua hiyo usomaji wa pili huenda usiguse flash kabisa, ukapewa nakala iliyo kwenye kache, yaani hizo kurasa zilizohifadhiwa. Majibu yakibadilika kila mara, shuku kumbukumbu ya kompyuta, kebo, au flash yenyewe. Majibu yakiwa yale yale na bado faili ni bovu, basi ubovu umeandikwa hivyo tangu mwanzo, au kuna msimbo unaokosea kila mara mahali pamoja.

Tatu, kama una nakala nzima mahali pengine, `cmp -l` itakuorodheshea kila baiti inayotofautiana na mahali ilipo. Hapo soma namba kwa makini. Ubovu ukianza penye mafungu ya 512, 4096 au zaidi, unatazama mipaka ya bloku au kurasa. Ukiwa baiti moja hapa na nyingine kule bila mpangilio, mara nyingi ni kumbukumbu.

Ile flash ya studio ilikuwa bandia. Ilijitangaza kuwa na GB 64 na ndani haikuwa nazo. Iliyoandikwa kupita ukubwa wake halisi ilirudi ikiwa sifuri tupu. Hakuna kerneli itakayorudisha video hiyo. Maharusi waliipata kwa sababu kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa. Tafadhali, ukinunua flash, ijaze yote na uisome yote kabla hujaweka kazi ya mtu. Kuna programu ya bure iitwayo F3 inayofanya hivyo.

Linux nayo imewahi kusoma faili vibaya kwa kosa la kerneli?

Imewahi. Kisa ninachowasimulia wanafunzi wapya ni cha Max Kellermann. Mwaka 2021 mteja alilalamika kwamba faili la logi (rekodi za matukio) za seva lililobanwa kwa programu ya gzip halifunguki. Liliharibika baiti 8 za mwisho tu, pale gzip inapoweka hesabu ya ukaguzi. Lililofuata nalo likawa hivyo hivyo baada ya muda, na jingine. Angeweza kuyatengeneza kwa mkono na kusonga mbele. Aliendelea kuuliza kwa nini ni baiti 8 zile zile, na mwezi wa 2 mwaka 2022 akafika ndani ya kerneli: bomba lilikuwa likipokea kurasa za kache bila kufuta alama zilizobaki kutoka matumizi ya awali. Kwa alama hiyo, mtu aliyeruhusiwa kusoma tu aliweza kubadilisha faili ndani ya kache, hata faili la mkuu wa mfumo. Ndilo kosa la CVE-2022-0847, linalojulikana kama Dirty Pipe. Lilitumika kuanzia Linux 5.8, na likatibiwa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Dawa ilikuwa kuweka alama kuwa 0, sehemu mbili.

Angalia lilivyofanana na letu: dalili ndogo, mahali palepale, hakuna ujumbe wa kosa, na mstari mmoja au miwili ya kutibu.

Umeme ulikatika nikiwa naandika faili, sasa lina ukubwa sifuri. Je, ni kosa la kusoma?

Hapana. Data ilikuwa bado kwenye kumbukumbu, haijafika diski. Kerneli inasoma kwa uaminifu kilichopo. Programu zinazojali huita `fsync` kabla ya kusema zimehifadhi.

Hili linatugusa pia tunapojenga kerneli. Umeme ukiondoka katikati ya `make`, programu inayojenga kerneli, unaweza kubaki na mafaili ya `.o` (vipande vya msimbo vilivyokwisha kutafsiriwa) yasiyo na kitu, na `make` ikirudi inayaona yapo, inayaruka, kisha mwishoni inalalamika kwa maneno usiyoyaelewa. Kabla ya kuendelea tunapiga `find . -name '*.o' -size 0 -delete`. Imetuokolea siku nyingi.

Nitapataje badiliko lililoleta kosa kati ya maelfu?

Tumia `git bisect`, sehemu ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Unaiambia toleo zima na toleo bovu, yenyewe inakupeleka katikati, unapima, unajibu, inagawa tena nusu. Mabadiliko 1000 yanahitaji vipimo kama 10. 10,000 kama 14. Kwa Linux kila kipimo ni kujenga kerneli upya, kwa hiyo anza na `make localmodconfig`, ili ujenge moduli za mashine yako tu. Ukiwa na mtihani unaojijibu wenyewe, `git bisect run` itafanya yote usiku umelala, kama umeme utakubali.

Naruhusiwa kuandika maelezo ya kiraka (badiliko ninalotuma) kwa Kiswahili?

Kwetu ndiyo, na tunapenda. Kwa Linux andika Kiingereza, kifupi, ukieleza dalili, sababu na dawa kwa mpangilio huo. Endesha `checkpatch.pl`, tafuta msimamizi wa sehemu hiyo kwa `get_maintainer.pl`, weka mstari wa `Signed-off-by` wenye jina lako, na mstari wa `Fixes` wenye herufi 12 za kwanza za utambulisho (hash) wa badiliko lililoleta kosa. Ukijibiwa kwa ukali, soma hoja, tengeneza, tuma tena.

Mafaili tuliyonakili wakati kosa lipo, yataokoka?

Inategemea yalinakiliwa na nini. Kosa letu halikuandika kitu kwenye diski, kwa hiyo kila faili la asili lilibaki zima. Ulipowasha kerneli iliyotibiwa lilisomeka sawa. Lakini nakala ni jambo jingine. Mmoja wetu alikuwa ameandika `cp` yake yenye bafa ya baiti 1000, akainakilia maelezo ya masomo yetu. Kila nakala iliyozidi baiti 1024 ilipokea takataka za bafa, na takataka hizo ziliandikwa diskini kama data halali. Kerneli mpya inazisoma vizuri kabisa, na vizuri kabisa ni takataka. Zaidi ya hapo alikuwa amefuta asili ili kupata nafasi.

Tulizipata kwa sababu dada yule wa Katuba alikuwa ameweka `fs.img`, faili lenye diski nzima ya xv6, ya mwezi uliotangulia kwenye flash yake. Ya wiki tatu za mwisho hayakuwemo. Hayo tuliyaandika upya kutoka kwenye madaftari, Jumamosi mbili, mmoja akisoma na mwingine akiandika.